Lango Nililoliweka Dukani Kwako

Nambozo mwanangu,

Nimekaa sebuleni hapa Nkoma, na cherehani yako iko kando ya dirisha. Esita, uliyekuwa ukishona naye, aliileta kutoka Jinja wiki mbili baada ya kukuzika. Watu huniuliza kama nimelia. Bado. Ninakula nikiletewa chakula, ninafagia uwanja asubuhi, kisha ninakaa.

Nakumbuka siku uliyokuja kunionyesha duka lako la mtandaoni. Ulikuwa umevaa gomesi ya zambarau uliyoishona mwenyewe, vazi la heshima la wanawake wa kwetu, mabega yamesimama sawasawa, mshipi umeufunga kama mama yako alivyokuwa akiufunga. Ulinipa simu ukasema, "Bonyeza tu, Baba." Nikabonyeza. Papo hapo zikatokea gomesi zako, bei zake na namba yako ya simu. Ulisubiri nikusifu. Mimi nikauliza, "Mlinzi yuko wapi?"

Ulicheka. Ulijua kwamba nililinda lango la gereza miaka mingi kabla sijapelekwa chuoni kuwafundisha askari wapya Kiswahili. Langoni petu hakuna mgeni aliyeona ndani kabla ya kuandika jina lake, la baba yake, la babu yake, wilaya atokayo na sababu ya kuja.

"Baba, hawa wanakuja kununua, hawaji kumwona mfungwa."

"Kama wanakuja kununua, wataandika."

"Haya, Afande," ukasema, ukanipigia saluti kwa mkono wa kushoto ili kunichokoza.

Ukaenda ukaweka mlangoni mwa duka fomu yenye maswali yale yote. Nami nilikuwa na mengine. Namba ya simu ya binti ambaye hajaolewa isibandikwe hadharani, ukaiondoa. Bei isitajwe kabla watu hawajasalimiana, ukazificha. Nikakuandikia makaribisho ya kurasa mbili, pamoja na historia ya ukoo wetu, ukayaweka yote mbele ya gomesi bila kupunguza hata nukta. Nilijivunia maandishi yale. Kila nilipokupigia kuuliza duka linaendaje, ulijibu, "Polepole, Baba." Uliporudi kushona sare za shule, uliniambia kwamba ni kazi ya kujaza nafasi. Nikaamini.

Kwenye matanga yako, Mama Rita wa Busiu aliketi karibu nami. Binti yake alikuwa akijiandaa kumtambulisha mchumba nyumbani, naye alitaka gomesi yako kwa siku hiyo.

"Afande," aliniambia, "ile duka ya binti yako ilinishinda. Mimi nataka gomesi, inaniuliza jina ya babu. Babu alikufa mimi bado kuzaliwa. Nikaruka hapo, ikafuta yote, ikasema anza tena. Nikasema, kwani hii ni gomesi ama ni kazi ya polisi?"

Wanawake waliokaa mkekani wakacheka, kisha wakakumbuka tuko wapi.

"Ukanunua wapi?" nikamwuliza.

"Sokoni hapa Mbale. Mabega ilikuwa imelala."

Kwa kawaida ningemsahihisha. Sikumsahihisha.

Nilimwuliza Esita. Hakutaka kusema, lakini alisema. Fundi aliyekutengenezea duka alikuwa akiona wateja wanavyofika kwenye fomu, wanajaza mstari mmoja au miwili, kisha wanaondoka. Alikushauri mara mbili uiondoe. Ulimjibu, "Hiyo ni ya Baba. Haiguswi mpaka aseme."

Hukuniambia. Nimejiuliza kama ningekusikiliza. Nadhani ningekuongezea mstari mwingine.

Wiki iliyopita nilijaribu kuingia mwenyewe. Esita alisema picha yako ukiwa na gomesi ya zambarau ingali dukani, na mimi sina nyingine ya namna hiyo. Nikasoma makaribisho yangu mpaka mwisho. Ni marefu. Nikaandika jina langu, la baba yangu, la babu yangu na wilaya ya Mbale. Penye sababu ya kuja nilishindwa kuandika. Nikapaacha wazi, nikabonyeza, na kila kitu kikafutika. Nikaanza tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu niliiweka simu chini nikaenda kufagia uwanja, ingawa nilikuwa nimeshaufagia.

Kisha nikampigia Esita.

"Mwambie fundi aondoe."

"Aondoe nini, Mzee?"

"Fomu. Na maneno yangu yote. Bei zionekane, na namba yako iwe juu kabisa. Gomesi zilizobaki uziuze, na nyingine ushone."

"Na jina la duka?"

"Liache. Ni la Nambozo."

Leo asubuhi nilibonyeza tena, hapahapa kitini. Ulitokea mara moja. Umesimama na gomesi yako ya zambarau, mkono mmoja umeuweka kwenye mshipi, na bei imeandikwa chini ya miguu yako. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nimekuja kufanya nini. Nilikutazama mpaka kioo cha simu kikazimika. Nikabonyeza, ukatokea tena.

Lala, mwanangu. Mlango wako uko wazi.

Ni mimi, baba yako,
Nkoma, Mbale