Tulimlilia Mwanasesere kwa Kicheko

Kwa Bibi Shaikha, mshauri wa wanawake wa Bagamoyo.

Shikamoo bibi. Naomba unisaidie, maana usingizi siupati. Mimi ni mwanafunzi wa ukunga kwa Bibi Mwanahija, anatufundisha kulea watoto wachanga kwa mwanasesere wa matambara aliyejazwa usufi na mchanga ili awe na uzito wa mtoto, tunamwogesha, tunambeba, tunajifanya ana homa tunampoza, na juzi somo lilikuwa degedege, zamu yangu, nikamkamata vibaya, shingo ikachanika, mchanga ukamwagika, Kulwa mwenzangu akapiga kelele, "Kafa huyo! Mina kamwua!" nami kwa upuuzi wangu nikaangua kilio cha msibani, tukamvika sanda ya kaniki, tukacheka hata mbavu zikauma, kumbe wifi yangu Dija, mke wa kaka yangu, kasimama mlangoni na sinia la mihogo aliyotuletea, na mwanawe wa kwanza alikufa kwa degedege hiyohiyo mwaka jana. Aliliweka sinia chini, akaenda zake. Sasa ana mimba pevu na amesema, "Mina asimguse mwanangu. Na achezee matambara yake." Nilimpelekea halua kwa mkono wa Kulwa, na maneno kwamba ulikuwa mchezo tu, ikarudi haijaguswa. Natamani niwepo atakapojifungua, naye hataki hata kuniona. Najuta, bibi. Niache ukunga?

Mina binti Mtoro

Marahaba, mwanangu.

Pole. Lakini nawe! Mzaha mzaha hutumbuka usaha, hukuambiwa? Kumchana mwanasesere si kosa, ndiyo kazi yake, aumie yeye asiumie mtoto wa mtu. Kosa ni kile kilio. Halafu unamtuma Kulwa na halua, kana kwamba kuna harusi!

Ukunga usiache. Shona hiyo shingo, urudi kwa Bibi Mwanahija. Kesho asubuhi nenda kwa Dija mwenyewe, mikono mitupu. Usiseme mlikuwa mnacheza. Analijua hilo, ndilo linalomuuma. Sema, "Wifi, nimekukosea, nisamehe," kisha nyamaza, hata akikutukana. Akikukataza chumbani siku ya kujifungua, kubali. Kaa uani uchemshe maji, wala usinune.

Na liko jambo limenisikitisha kuliko kicheko chenu. Yule marehemu, wewe ni shangazi yake. Nimeisoma barua yako mara mbili, Kulwa ana jina, Dija ana jina, mtoto hukumtaja. Nenda ukamtaje kwa jina lake mbele ya mama yake.