Kengele ya Bihogo

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa kumi
Nimegeuza fromaji, jibini zetu, nimezipakaa chumvi. Mugongo inauma. Miaka kumi na tisa ku ferme hii ya ngombe ya Burungu, mugongo njo medali yangu. Mama Sifa, mujane mwenye tunageuza naye, leo hakuimba. Jeran, mukubwa wetu, amemufuata tena ndani ya depo, stoo ya fromaji. Amefunga mulango. Mama Sifa ametoka analia. Niko na hasira.

Siku ya tatu, tarehe 5
Bihogo alikuwa ngombe yangu. Wenye bunduki walimukula, wakaniachia kengele. Leo nimeifunga ku mulango ya depo, juu, kwa ndani. Jeran aingie sasa kama panya, tuone.

Siku ya ine, tarehe 6
Amemufuata Mama Sifa, ameingia. Ngala-ngala-ngala! Wenye kukamua wote wamegeuka. Nimeuliza kwa sauti: "Ee! Ngombe gani tena iko mu depo?" Watu wamecheka mpaka maziwa imemwangika. Jeran ametoka mbio, jasho mu shingo. Utamu!

Siku ya tano, tarehe 7
Barua, kwa Kifaransa. Katekista amenisomea. Nimefukuzwa: niliiba kengele ya ferme. Hakuna preavi, hakuna onyo ya mbele, hakuna aliyeniuliza. Mwizi, miye! Kengele yenyewe inaning'inia ku musumari, mu biro, ofisi ya Jeran.

Siku ya pili ya juma, tarehe 11
Nimeenda mujini Sake, kwa pikipiki. Matako imekufa ganzi. Inspekteri wa kazi: "Papa, sheria iko upande wako. Lakini leta mashahidi wawili kwamba kengele ni yako." Wawili tu? Burungu nzima ilimujua Bihogo.

Siku ya posho, mwisho wa juma, tarehe 15
Wote wenye walicheka wanaangalia bote zao za kazi. "Papa Kahindo, niko na watoto." Miye nilizaa mbuzi? Mama Sifa peke yake ametia kidole ku karatasi ya ushahidi. Nilimukataza, amekataa. "Papa, ile kengele ililia juu ya kunilinda."

Siku ya pili, tarehe 18
Wamemufukuza Mama Sifa. Watoto wane. Mchezo wangu njo umemuponza. Niko na haya.

Siku ya posho, tarehe 29
Shahidi wa pili hajapatikana. Tunapalia maharagi yangu, miye na Mama Sifa. Amefungua kitenge: kengele. Aliitoa ku musumari siku ya kufukuzwa kwake.
"Sasa njo tuko wezi kweli, Papa."
Saa ine, mwanamuke mwenye wameweka pahali pa Mama Sifa amepita njiani. Hakutusalimia vizuri. Macho yake naijua: njo ya Mama Sifa akitoka depo.
Nimemupa kengele. Ameificha kifuani. Mama Sifa amemuonyesha na kidole: juu, kwa ndani.
Tumerudia majembe.