Pini Isiyo na Shingo

Jumatatu, 3 Agosti 1964

Pini tena. Tangu asubuhi nakereza pini za mtambo wa kupandisha miwa kinuni. Ramani sita, zote za yule injinia Mzungu aliyeondoka mara baada ya Uhuru, na kila moja ina tofauti yake ya kipuuzi. Hii ndefu kidogo. Hii kichwa kipana. Hii imechongwa shingo nyembamba katikati. Kila tofauti, nifungue mashine niitege upya. Msimu unaanza Jumatatu ijayo. Meneja kasema nikiwahi, karakana yote chini yangu. Naitaka. Sioni haya kusema.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata dawa. Ramani moja badala ya zote sita. Unene mmoja, kichwa kimoja, shingo nimeifuta, urefu nakata mwisho. Kazi ya wiki itakwisha kwa siku mbili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Alhamisi, 6 Agosti

Mzee Salimu, mtia mafuta mitambo, kaigeuzageuza pini yangu. "Mwanangu, mbona hii ya gia haina shingo?" Nikamwambia ashike mafuta yake. Hata shikamoo sikumpa. Ujeuri, najua. Nimechoka kufundishwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Miwa inapanda. Meneja kanipa mkono mbele za watu. Shemeji Bakari, mume wa dada yangu, ndiye anayepanga miwa pale kwenye mnyororo unaoipandisha. Alinipigia vigelegele kama mwanamke, watu wakavunjika mbavu.

Jumatano, 12 Agosti

Mnyororo ulikwama. Pini ya gia haikukatika. Ukakatika mnyororo wenyewe, ukampiga Bakari mkono wa kulia. Hospitali wameukata juu ya kiwiko. Ya Rabi.

Mzee Salimu ndiye aliyenieleza, polepole. Ile shingo iliwekwa makusudi. Mtambo ukikwama, pini ikatike hapo, kila kitu kisimame.

Ijumaa, 14 Agosti

Meneja ameandika: uzembe wa Bakari, hakusimama mahali pake. Nilikuwepo. Sikusema. Mzee Salimu naye alinitazama tu. Nikisema, kazi imekwenda. Mimi ni mwoga.

Barua ya cheo nimepewa saa nane.

Jumapili, 30 Agosti

Nimekwenda kwa dada kumtazama Bakari. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Kanipongeza kwa cheo, kwa furaha ya kweli. Akamkataza dada asimimine, akamimina kahawa mwenyewe, kidogo kidogo, ikamwagika mkekani. Akaninyooshea kikombe.

"Niwie radhi, shemeji, kukupa kwa mkono wa kushoto."

Aniombe radhi mimi!

Nikakipokea. Kahawa nikainywa yote.