Kati ya Kusudi na Makusudi

Jumanne, 6 Mei

Maneno kumi tena leo. Kila Jumanne ni maneno kumi ya Kiingereza, na kila mtu asimame atunge sentensi. La nne lilikuwa purpose. Mwalimu Odero aliliandika ubaoni, akaweka on mbele yake, kisha akageuka kutafuta anayejificha. Mimi hujificha nyuma ya Brenda. Ana mabega mapana.

Sentensi zote zilikuwa za ubaya. Alinimwagia chai on purpose. Alinikanyaga on purpose. Alificha kiatu changu on purpose. Mwalimu akauliza, "Kwani hakuna mtu hapa amewahi kufanyiwa jambo jema kwa kukusudia?" Darasa likacheka.

Nilikuwa na jibu. Mama huacha leso yake kitandani kwangu kila Jumapili anapoondoka. Hujifanya amesahau. Anajua nitalala nayo. Huyo ni mtu anayefanya jambo jema on purpose.

Sikuinua mkono. Sijawahi kuinua tangu kidato cha kwanza.

Nilikuwa na miaka mitano Mama alipoanza kazi ya nyumbani Spring Valley kwa Mama Hansa, mjane wa Kihindi, mzee sasa. Nina kumi na sita. Kwa hivyo Mama Hansa amekuwa na mama yangu siku sita kwa wiki, mimi moja. Namwonea wivu bibi kizee. Nimeliandika, basi.

Siku tano hadi Jumapili.

Alhamisi, 8 Mei

Mama alipiga simu jioni. Si kawaida yake. Mama Hansa ameenda. Mama alirudi kutoka kununua mboga akakuta gari limeshampeleka uwanja wa ndege. Baba Shiro, soja wa geti, alijua. Aliagizwa anyamaze.

Kuna barua ilibaki juu ya meza ya jikoni. Ya Kiingereza, mwandiko wa kuungana. Mama alifika darasa la saba. Anaona maneno lakini hayamshiki. Na hataki soja amsomee mambo yake.

"Utanisomea Jumapili," akasema. "Wewe ndiye Kiingereza chetu."

Sauti yake ilikuwa ndogo.

Jumapili, 11 Mei

Nitaandika yote. Hakuna anayesoma daftari hili.

Mama alikuja na mvua, matope hadi kwenye pindo la sketi. Hapa Mutuini mvua ikinyesha barabara inakuwa uji. Senge, dada ya marehemu Baba, ambaye ndiye ninayeishi naye, alikuwa kwenye cherehani anabadilisha zipu za watu. Tulikunywa chai. Mama akatoa barua kwenye mfuko wa nailoni. Yeye alikuwa amelowa chepechepe. Barua ilikuwa kavu.

Nikaanza. Mpendwa Rhoda, ukisoma hii nitakuwa nimefika India. Moyo wangu umechoka na madaktari wataufungua. Hapo nilitafsiri vizuri kabisa. Mama alishika kifua, chake yeye.

Sentensi iliyofuata ilianza, I purposely did not tell you.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mengine. Kwa kukusudia. Aliamua. Aliona heri. Yote yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Hakukuambia, makusudi."

"Makusudi?"

"Ndivyo imeandikwa."

Kwetu, makusudi ni neno la kabla ya kiboko. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni mwako, hayo ni makusudi. Mtoto akivunja kikombe huku anakutazama machoni, makusudi. Hakuna anayekupenda makusudi. Nilijua hivyo. Nililiona neno likimpiga Mama usoni.

Senge aliachilia cherehani. "Rhoda! Miaka kumi na moja unamkanda miguu, halafu unaachiwa karatasi kama mtu wa maziwa! Hata mtu wa maziwa huambiwa kesho usilete."

Mama aliichukua barua mkononi mwangu. Akaikunja mara mbili, polepole.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye koma.

Baada ya koma kulikuwa na mistari sita. Nilikuwa nimeshaipitisha macho. Ilisema: kwa sababu ungelia, na nikikuona ukilia ningekosa nguvu za kwenda. Ilisema: Hansa binti yangu atakupigia simu yako, tafadhali pokea. Ilisema: Jumatatu tarehe kumi na tisa wataniingiza chumba cha upasuaji. Kabla sijaingia nataka kusikia sauti yako.

Nilinyamaza kwenye koma.

"Kesho nampa Baba Shiro funguo," Mama akasema. "Narudi nyumbani kwangu."

Nilifurahi. Furaha ilinishuka tumboni moto kama uji. Hiyo ndiyo kweli.

Jumanne, 13 Mei

Nimerudi kutoka shule nikamkuta Mama mlangoni. Jumanne! Begi lake liko chini ya kitanda tangu jana. Amenisuka. Amepika ugali na mrenda. Tumelala kitanda kimoja jana na leo tena tutalala. Miguu yake ni baridi, sijali.

Maneno kumi ya leo hata siyakumbuki.

Alhamisi, 15 Mei

Mama hajui aweke mikono yake wapi. Ameamka kumi na moja alfajiri, akafagia, akafua, akafua vilivyokuwa visafi. Saa nne, kwa mujibu wa Senge, alichemsha chai ya masala, akasaga tangawizi na iliki, akaimimina kwenye kikombe kimoja. Akasimama nacho. Hiyo ni saa ya Mama Hansa kunywa chai. Senge akainywa ili isiharibike.

Jioni aliniuliza kama naona mrehani unaweza kuishi siku nne bila maji. Mama Hansa ana mmoja kwenye chungu pale verandani, wa kuombea, yeye huuita tulsi. Baba Shiro hawezi kuukumbuka, amesema. Baba Shiro hukumbuka redio tu.

Nikamwambia mvua inanyesha.

"Veranda ina paa, Nafula."

Ndilo jambo refu zaidi aliloniambia leo. Nilimtaka nyumbani. Yuko nyumbani. Hayuko.

Ijumaa, 16 Mei

Simu ya Mama iliita tukila. Namba ndefu, ya nje, inaanza na kijumlisha. Mama aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akaigeuza kifudifudi mezani.

"Wanadhani mimi ni swichi ya kuzima na kuwasha," akasema.

Niliacha kutafuna. Senge akaniuliza kama kuna mchanga kwenye dengu. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 17 Mei

Senge alinipeleka mjini kununua vifungo na nyuzi. Alipokuwa akibishania bei ndani ya duka, nilisimama kwa mwanamume anayetandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara. Alikuwa na kamusi nene, Kiingereza kwa Kiswahili, imepoteza jalada. Nikatafuta herufi P.

Purposely: kwa makusudi; kwa kukusudia.

Makusudi iko ya kwanza. Kwa hivyo sikusema uongo. Nilisoma tena kuhakikisha.

"Madam," akasema mwenye vitabu, "unanunua ama unabukua mtihani hapa?"

"Naangalia tu neno moja."

"Umeangalia hilo neno moja mpaka limechoka. Limekuambia nini?"

Wageni wakinisemesha mimi huwa sijibu. Huyu nilimjibu, sijui kwa nini. Nikamwambia limesema niko sawa.

"Na mbona unakaa mnyonge hivyo?"

Nikafunga kamusi. Kamusi haina habari ya koma. Kamusi haikumwona Mama akikunja barua, wala haijui kwamba mimi ningeweza kusema maneno mawili tu, Mama ngoja.

Keshokutwa ni Jumatatu.

Jumapili, 18 Mei

Mhubiri wa leo alihubiri kusudi. Una kusudi, mwambie jirani yako una kusudi. Kanisa zima likageukiana. Nilimgeukia Mama na sikuweza kumwambia. Yeye hakuwa ananitazama. Nilikaa nikiwaza neno hilohilo, ukiliwekea ma mbele linageuka tusi. Bila ma ni la Mungu.

Mchana tulikaa nje Mama na mimi, tukichambua mrenda. Mvua ilikuwa imepumzika. Simu iliita ndani. Mama hakuinuka. Iliita mpaka mwisho, ikaanza upya.

Nikasema, "Barua haikuwa imeisha."

Aliendelea kuchambua.

"Mama. Kulikuwa na koma."

"Koma gani?"

Niliingia ndani nikatoa barua kwenye begi lake, nikarudi nikamsomea nimesimama. Mstari kwa mstari. Sikuruka kitu. Nilipofika pa kusikia sauti yako, sauti yangu mimi ilikatika, nikaurudia mstari.

Mama aliyaweka majani chini.

"Ulikuwa umeyaona haya siku ile?"

"Nilikuwa nimeyaona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka ukae."

Nilingoja kofi. Sikuwahi kupigwa kofi na Mama, lakini nilingoja. Alinitazama muda mrefu kama anayetafuta mahali alipowahi kuniona.

"Mimi nilikuwa na hasira na mgonjwa," akasema. "Juma zima, Nafula. Nalala nikimlaani mtu mgonjwa." Halafu, polepole: "Kumbe makusudi ilikuwa hapa ndani."

Alipiga simu akiwa bado na kijani vidoleni. Ilipokelewa mara moja. Niliisikia sauti ya mzee, mbali, nyembamba: "Rhoda! Wewe iko wapi? Mimi nangoja, nangoja."

"Mimi iko, Mama," Mama akasema. Kumbe wao huongea hivyo, Kiswahili chao cha jikoni, sijawahi kukisikia. "Mimi iko hapa. Hapana ogopa. Kesho wewe lala kidogo tu, basi amka."

"Tulsi?"

Mama alifumba macho. "Nakwenda tia maji sasa hivi."

Alicheka akilia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na barua, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mama yangu ana lugha nzima na mtu mwingine. Sikuijua mpaka leo.

Alifunga begi kabla ya saa tisa. Senge alimuuliza, "Unarudi? Baada ya kuachiwa karatasi?" Mama akajibu, "Karatasi ilikuwa na maneno mengi kuliko tulivyosikia, wifi." Hakunitaja. Senge akaninyooshea macho lakini hakuuliza.

Mlangoni nilisema, nisamehe. Alinishika shavu, mkono unanuka mrenda. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Soma vizuri."

Hakuacha leso.

Jumatatu, 19 Mei

Leo ndiyo siku. Sikuelewa chochote darasani. Hesabu, Biolojia, vyote maji.

Nimemwombea Mama Hansa. Nilianza kwa kumwombea kwa ajili ya Mama, ndipo nikaona hiyo siyo sala, ni kujitetea. Nikaanza tena. Nikamwombea yeye mwenyewe, mzee anayelala kitanda cha ugeni na anawaza mrehani. Afungue macho tu.

Hakuna simu.

Jumanne, 20 Mei

Mama alimpigia Senge wakati niko shule. Mama Hansa ameamka. Ameomba chai, wamemnyima.

Senge anasema Mama aliongea dakika moja. Nikauliza kama aliniulizia. Senge akasema mstari ulikuwa mbaya.

Darasani neno la pili lilikuwa intend. Mwalimu Odero alisema ni kupanga jambo moyoni kabla mkono haujafanya. Akatazama huku na kule. Niliinua mkono. Brenda aligeuka kunitazama kama nimeota pembe. Nilisimama nikasema sentensi yangu, kwamba sikuwa nimepanga kumuumiza, nilipanga tu asiondoke. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi zaidi. Mwalimu akauliza, "Nani huyo?" Nikasema ni mfano tu.

"Sarufi ni sawa," akasema. Akaniacha nikae.

Jumapili, 25 Mei

Mama hakuja.

Ujumbe uliingia saa tatu tukijiandaa kwenda kanisani. Wiki hii hataweza. Anaosha mapazia, anasafisha chumba, mwenye nyumba atarudi mwezi ujao na daktari hataki vumbi. Anatusalimu sote.

Inaweza kuwa mapazia. Mapazia ya nyumba ile ni mengi. Inaweza kuwa mimi. Nimeusoma ujumbe mara nyingi na hausemi. Kumuuliza, siwezi. Sina haki ya kumwuliza mtu kama amefanya makusudi.

Nimepika. Senge amesema ugali umeshika vizuri. Tumekula wawili, nikaosha vyombo, nikakaa mlangoni. Hakuna mvua leo. Watoto wa jirani wanaruka kamba.

Nilimjibu Mama: sawa, pole na kazi. Nikafuta. Nikaandika: nakungoja. Nikaituma kabla sijaiogopa.

Ameisoma. Tiki zimekuwa za bluu.

Juu ya skrini pameandikwa "anaandika". Pakapotea. Sasa pamerudi tena. Nimeweka simu gotini na sijaigusa.