Gobore la Marehemu Baba

Mponde, 9 Septemba 2024

Mwanangu Severin,
Hujambo huko Muheza? Sisi wazima, ila nguruwe pori wameyamaliza mahindi ya kando ya msitu.

Jana kanisani limesomwa tangazo: mwenye bunduki bila kibali aisalimishe kabla Oktoba haijaisha, hatashtakiwa. Nikalikumbuka gobore la marehemu baba yenu. Kibali kilikuwa na jina lake. Mdogo wako Tobia anasema ni lake, alikabidhiwa mbele ya ukoo siku ya kuondoa tanga. Mwambie wewe, mimi hanisikii.

Mama yako, Secilia

Muheza, 22 Septemba 2024

Shikamoo mama,
Sisi hatujambo, machungwa tu yanatutoa jasho.

Ukoo ulimpa, serikali haikumpa. Lirudishwe. Ila kitu cha urithi hakitoki nyumbani mkubwa hayupo, wazee watatusema. Nisubirini, nakuja wiki ya mwisho ya Oktoba.

Mwanao, Severin

Mponde, 17 Novemba 2024

Severin, hujambo? Mimi nipo.

Tulikusubiri. Tobia alilipaka gobore mafuta, akaliegemeza mlangoni, gari likipanda anatoka kuchungulia. Oktoba ikaisha. Tarehe nne akasema, "Kaka amekwama, nalipeleka mwenyewe." Alilibeba begani mchana kweupe, amevaa koti la kanisani. Polisi wakamkamata njiani. Akasema anakwenda kulirudisha. Wakamwuliza mbona muda umepita. Akawajibu, "Tulikuwa tunamsubiri kaka." Walicheka, mwanangu.

Yuko rumande. Sijalia bado. Napika ugali wa watu wawili, nusu nawapa kuku.

Mama yako

Muheza, 24 Novemba 2024

Shikamoo mama,
Naona aibu hata kukuuliza hali.

Sikukwama popote. Kulikuwa na machungwa ya kupakia, nikasema wiki moja haina neno. Nakuja kabla ya hukumu. Nitamwambia hakimu kosa ni langu.

Mwanao

Mponde, 12 Desemba 2024

Severin, hujambo?

Hukumu ilisomwa jana. Amefungwa. Nilikaa benchi la nyuma, nafasi yako nimeiwekea kanga.

Walipomtoa aliniuliza, "Kaka amefika?" Nikamwambia umefika, uko nje, askari wamekukatalia kuingia. Akasema, "Mwambie asijali."

Basi nimekwambia.

Mama yenu