Chupa Ambazo Sikuziuza

Troyeville, Johannesburg
Jumapili, 17 Juni 2018

Mpendwa Shangazi Marcelline,

Bwana asifiwe sana. Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi mahali penye jua, na miwani yako iko karibu ili usimwombe jirani akusomee, maana humu ndani kuna mambo yangu ya aibu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa Mama Murhula ilifika, au aliipaka yeye njiani? Na hapo Uvira mvua ziliisha salama?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kinachonitesa ni baridi tu. Mwezi huu hapa hakuna mvua wala joto, ni upepo mkavu unaopasua midomo, na usiku nalala na soksi juu ya soksi, na asubuhi namsikiliza kaka yangu, Yaya Gustave, akirudi kutoka kazi yake ya ulinzi, anapiga miguu chini mlangoni kama askari. Yeye na mkewe Murielle hawajambo. Saluni ya Murielle inajaa kila Jumamosi. Mtoto wao Ezéchiel amekuwa Mzulu kabisa. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, hasa ukitaja nyama, ila jibu ni Kiingereza. Wiki jana nilimwambia avae viatu, akaniambia, "Eish, Tonton, you worry too much!" yaani eti mimi baba mdogo nina wasiwasi mno. Nikacheka, lakini mama yake hakucheka.

Ndagala ulizotuma, dagaa za ziwa letu, zilifika zikiwa kavu na nzima. Tulizipika na nyanya nyingi na pilipili, na jengo zima likajua kwamba leo Wakongomani wamepata kitu. Asante sana, Shangazi. Yaya Gustave alikula kimya mpaka akamaliza, na wewe unajua mtu yule hanyamazi bure.

Sasa nije kwenye habari uliyoniuliza, ile ya masomo. Unakumbuka nilikueleza kwamba somo langu la biolojia haliishii darasani. Lazima mwanafunzi afanye staji, yaani mafunzo ya kazini, na msimamizi wake asaini kwamba ameiva. Bila saini hiyo hakuna diploma. Nilihangaika sana kupata mahali. Kila maabara niliyobisha hodi walifurahia alama zangu, kisha wakaiona karatasi yangu ya ukimbizi na nafasi ikajaa ghafla. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa mwezi wa pili uliponipigia simu ukaniombea, nawe ukaomba mpaka salio likaisha katikati ya maombi. Siku chache baadaye maabara moja ya kupima maji ikaniita.

Ni sehemu ndogo lakini safi. Watu wa majengo, shule na zahanati wanaleta maji yao, sisi tunayapima kama yanafaa kunywewa. Tunayapitisha kwenye karatasi nyembamba ya kuchujia, tunaiweka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, tunakilaza ndani ya kabati lenye joto. Kesho yake, kama maji ni machafu, kisahani kimeota nukta za rangi, na kila nukta ni ukoo mzima wa bakteria. Mara ya kwanza kuziona nilisahau hata kula.

Msimamizi wangu ni Mkenya, anaitwa Madam Jeptoo. Ni mwanamke mrefu, anatembea haraka, na chai yake ina maziwa kuliko chai. Aliposikia mimi natoka Kongo alifurahi kupata mtu wa kusema naye Kiswahili. Shangazi, nacheka hata nikiandika. Sote wawili tunasema Kiswahili, na nusu ya siku hatuelewani! Mimi nikisema nimechoka bure, yeye anauliza nani alitakiwa kunilipa. Yeye akisema kitu ni "poa", mimi naenda kukipasha moto.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Siku ya kwanza alinikabidhi kabati la chupa za kuchukulia maji. Mashine ya kuchemshia vyombo ilikuwa inapiga kelele nyuma yetu. Akaniambia, "Emery, hizi chupa usisuuze, sawa?" Kumbe hilo ni neno la kupitisha maji ndani ya chombo na kuyamwaga. Mimi sikuwahi kulisikia. Nyumbani kwetu tunasukula tu, neno moja la kuosha kila kitu, basi. Nilichosikia mimi ni "usiuze". Unajua sisi tunasema kuuzisha, lakini Wakenya na Watanzania hapa wanasema kuuza, na hilo nilishalizoea mitaani. Tena Hillbrow ukitembea unaona watu wamepanga chupa tupu chini wanaziuza, za mafuta, za sabuni, za kila kitu. Nikajua tayari: huyu mama ameangalia viatu vyangu, akaona mwizi.

Iliniuma sana. Lakini nilihitaji saini yake. Nikajibu kwa heshima, "Mimi? Siwezi kabisa, Madam." Naye akasema, "Sharp," yaani sawa kwa lugha ya hapa, akaenda zake. Toka siku hiyo nilizilinda chupa zile kama sadaka ya kanisa. Jioni nilikuwa nahakikisha zote zipo na nafunga kabati mwenyewe. Na kila nilipokwenda kuchukua maji kwenye majengo, kabla ya kukinga nilizisukula vizuri kwa maji ya bomba, zaidi ya mara moja, kama ulivyonifundisha. Ndani ya kila chupa kulikuwa na unga mweupe kidogo chini. Nikasema moyoni, hawa watu wanasema ni wasafi na wanaacha sabuni ndani ya vyombo.

Moja ya sehemu hizo ilikuwa shule ya watoto wadogo, mtaa wa Berea, chini ya ghorofa kuukuu. Watoto wengi pale ni wa kwetu: wa mafundi cherehani, wa wasusi, wa walinzi. Maji yao niliyachukua mimi mwenyewe na yakatoka safi, hakuna hata nukta moja. Maabara ikawaandikia kwamba yanafaa.

Lakini mama mmoja alikuja kusukwa kwa Murielle akalalamika kwamba watoto wa pale wanaharisha, wakipona wanarudia. Murielle akaniambia, nami nikamweleza Madam Jeptoo. Akakunja uso. Akasema kesho tunakwenda pamoja.

Tulipofika pale shuleni nikafungua bomba, nikachukua chupa, nikaanza kazi yangu kwa madaha, maana mkubwa anatazama. Nikaisukula, nikamwaga. Nikasikia nyuma yangu, "Wewe! Unafanya nini hapo? Si nilikuambia usisuuze?"

Shangazi, hasira zote nilizokuwa nimezimeza zikapanda. Nikamgeukia. "Madam, sijauzisha hata moja! Zote ziko mu gari, kuya, njoo uhesabu!"

Akanitazama. Mimi namtazama. "Kuuza? Nani amesema kuuza?"

Tulichukua muda mpaka tukaelewana, na tulipoelewana niliiweka ile chupa chini. Ule unga haukuwa sabuni. Umewekwa makusudi. Maji ya bomba yana klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, na unga ule unaizuia dawa palepale, ili maji yafike maabara vilevile yalivyotoka bombani. Ukiuosha ukaondoka, dawa inaendelea kuua ndani ya chupa njia nzima, na maji yanafika kwetu yakiwa na sifa ambayo hayana. Tena mlinzi wa jengo lile alituambia kwamba, kwa nia njema, alikuwa akimwaga dawa hiyo kwenye tangi la paani kila asubuhi. Watoto walikunywa kabla haijafanya kazi, mimi nikapima baada ya kuipa saa nzima ndani ya gari.

Kwa hiyo majibu yangu yote yalikuwa ya uongo, na hakuna aliyekuwa amedanganya.

Meneja wetu alituita ofisini. Ni mtu mkavu, hapandishi sauti, na ndiyo inatisha zaidi. Alisema mwanafunzi asiyeshika agizo la siku ya kwanza hana kazi kwake, na kwamba atakiandikia chuo kinitafutie mahali pengine. Mahali pengine wapi, Shangazi? Nilifikiria Yaya Gustave na soksi zake zilizotoboka, mikesha yote ile mlangoni pa watu kwa ajili yangu. Kiingereza chote kikanipotea.

Madam Jeptoo ndiye aliyesimama. Akaenda kwenye ubao, akaandika USISUUZE, chini yake akaandika USIUZE. Akamwambia meneja ayasome kwa sauti, haraka, huku mlango uko wazi na ile mashine ya vyombo inanguruma. Akasema kosa la kwanza ni lake: alitoa agizo kwa lugha aliyodhani ni moja, hakuhakikisha kama limefika. Akasema kama barua ya kufuta majibu inaandikwa, ianze kwa jina lake. Na akaongeza kwamba mwanafunzi huyu ndiye aliyeleta habari za watoto kuugua, wengine wangenyamaza kwa kuwa karatasi ilisema safi. Meneja akaufuta ubao kwa mkono wake. Mwisho akasema nibaki chini ya macho ya Madam, na kosa jingine moja linatosha.

Adhabu niliyopewa ilikuwa kwenda mwenyewe kuwaeleza akina mama wa Berea. Niliwaeleza kwa Kiswahili na Kifaransa. Wengi walisikiliza tu. Mmoja, Mama Jeannine, anayeuza vitenge, alisema, "Mwanangu, tuliwanyweshea watoto maji haya kwa sababu ya karatasi yenu."  Nilimwomba radhi na nikaketi karibu naye mpaka akamaliza kulia.

Tulichukua maji upya, mikono mikavu, chupa haikuguswa na tone kabla ya kukinga. Kesho yake visahani viliota nukta kama upele. Juu ya paa tangi lilikuwa limevunjika mfuniko na njiwa wamehamia. Limesafishwa, limefunikwa, tumepima tena na tena, na sasa maji ni mazima kweli. Watoto hawaumwi. Mama Jeannine ameniletea kipande cha kitenge, nami nimeona haya kukipokea, lakini Murielle amekipokea kwa niaba yangu bila haya yoyote.

Sasa sikiliza neno nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Ijumaa Madam Jeptoo amesaini. Staji imekwisha, na wameniomba nibaki nao hadi mwisho wa mwaka kwa mshahara. Alipomaliza kusaini akaniuliza nani alinizoesha kusukula chombo namna ile, hata mkono wangu hauwezi kujizuia. Nikamweleza juu yako. Nikamweleza mwaka ule wa kipindupindu, matanga yalivyofuatana kwenye avenyu yetu, na wewe ulivyosimama kwenye robine, lile bomba la mtaa, na fimbo, hakuna mtoto wa kukinga maji kabla ya kusukula bidoni, dumu lake la maji, hakuna wa kunywa kabla hayajachemka. Tulikuchukia, Shangazi. Tulikuita komanda. Na kwenye parseli yetu, nyumba zote za kiwanja kile, hakufa mtu.

Madam akafunika kalamu yake, akasema, "Huyo shangazi yako umwambie asante. Mimi nimekufundisha miezi michache tu. Kazi kubwa niliikuta imefanywa."

Nami nasema vivyo hivyo. Asante, Shangazi. Nimeona kwa macho yangu, chini ya hadubini, vitu ulivyopigana navyo kwa fimbo, na nimeogopa kwa kuchelewa.

Nisalimie dada Arlène na mume wake, mwambie mtoto akizaliwa wasinisahau kwenye majina. Nisalimie Mchungaji, na Mama Murhula hata kama alijipaka ile dawa. Yaya Gustave na Murielle wanakusalimu sana, na Ezéchiel anakusalimu kwa Kiingereza. Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe magoti ya kutembea mpaka siku nitakaporudi kukushika mkono.

Na kesho ukienda kwenye robine, sukula bidoni yako kama siku zote. Amri ya Madam Jeptoo ni ya maabara tu, isije ikafika Uvira ikatuulia watu.

Mimi mwanao akupendaye, ambaye bado yuko hai,

Emery