Kipande cha Baba Kilicholala Kwenye Friza

Aberdeen, Alhamisi

Kwa ndugu yangu Mutua,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto. Mko wazima? Mvua imefika Kitengela ama bado mnakula vumbi? Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio umekataa kutulia, kwa hivyo kama uko buchari, mwachie mtu kisu uketi kwanza.

Kipande cha nyama ya Baba, kile ambacho maabara ya huko ilikikuta na saratani, kilinifikia. Yule mwalimu wa kanisa letu aliyekuja kusoma huku alikibeba kama yai. Kazi yangu unaijua: nakata vipande vyembamba vya nyama ya wagonjwa iliyozamishwa ndani ya nta, navipaka rangi, halafu daktari ninayemfanyia kazi anaviangalia kwa hadubini. Anatafuta alama ndani ya saratani ya tezi dume. Maana saratani hizi tabia zao si moja. Nyingine hukaa kimya miaka mingi, mzee akafa na uzee wake. Nyingine hukimbilia mifupa. Ukiziangalia hivi hivi, zinaweza kufanana kama mapacha. Alama moja ni ile gundi inayoshikanisha seli. Ikiwepo, rangi yetu inageuka kahawia. Ikikosekana, seli zimeachiana na huenda zikasafiri. Daktari hunionya kwamba bado ni utafiti, si unabii, lakini alikubali tuangalie cha Baba.

Nilikikata mwenyewe. Niliharibu vipande viwili vya kwanza. Nikapaka rangi, nikangoja. Kahawia haikuonekana hata kidogo.

Mutua, nilikaa chini sakafuni. Daktari alikuja akaangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Hii nyama ilipitia wapi?" Ilikuwa na matundu kila mahali, matundu ya barafu. Ndipo nikakumbuka ile barua yako ya kujisifu: "Ile dawa ya chupa ilikuwa inanuka mpaka wateja wakaanza kuuliza. Nikaimwaga, nikafunga nyama kwa karatasi, nikaweka kwa friza mpaka Jumatatu. Usijali, haikuoza."

Kweli haikuoza. Na nani angekufundisha? Hospitali inakupa chupa Ijumaa upeleke maabara mwenyewe, maabara imefungwa, na wewe mambo ya nyama ndiyo unayajua. Nilikasirika siku mbili, nikakutukana kwa Kikamba peke yangu humu nyumbani. Imeisha. Lakini ile dawa inayonuka ndiyo iliyokuwa inakitunza. Barafu ilipasua seli, na sasa hatuwezi kujua kama gundi ya Baba imekwisha ama ni friza iliyoiharibu.

Halafu Mama ananiandikia kwamba Baba analalamika mgongo. Anasema ni jembe. Labda ni jembe kweli. Lakini mimi nikisikia mgongo nasikia mfupa. Naogopa, Mutua. Naogopa kuliko siku niliyopanda ndege.

Inabidi achukuliwe kipande kingine, na mifupa ipigwe picha. Najua atakataa. Uliniambia alivyotoka hospitalini akifoka: "Wananidunga sindano huko nyuma, wasichana wanaangalia! Mimi sirudi huko. Kwani mimi ni mbuzi?" Na hajui kwamba cha kwanza kiliharibika. Mwambie wewe. Usisingizie hospitali. Akikugombeza, nyamaza tu.

Mimi na yeye hatujawahi kuutaja ugonjwa huu. Kwa simu huniambia ana homa kidogo, nami humwambia pole ya homa. Binti haongei na baba yake mambo ya chini ya mshipi, ndivyo tulivyolelewa, na mpaka leo imetufaa.

Nisalimie Mama, umwambie sweta alizonifumia nazivaa zote pamoja. Msalimie shangazi wa Kajiado, aendelee kutuombea. Na yule mzee Mmaasai anayekuletea mbuzi, mwambie sopa, kwa salamu yao, kutoka kwangu.

Jumapili mkitoka kanisani nitapiga simu yako. Mpe Baba, kisha mtoke nje nyote, hata Mama. Nitamwomba msamaha kwanza, halafu nitautaja ugonjwa kwa jina lake, na mahali ulipo, na sindano inapopita. Sijui sauti itanitoka vipi. Akikata simu, nitapiga tena.

Ni mimi dada yako,
Mwikali